Damu ikisema hakuna fangasi

Wiki iliyopita daktari mwenzangu alinipigia simu kuhusu mtoto wa kiume wa miaka sita. Picha ya CT ya kifua ina vinundu viwili, ila galaktomanani ya damu, kipimo cha kutafuta fangasi, imetoka hasi. Homa hana, anacheza vizuri. "Tuachane na fangasi?" Nikamsihi asiachane nayo.

Mtoto huyu ana CGD (chronic granulomatous disease), ugonjwa wa kurithi wa kinga ya mwili. Neutrofili zake, chembe nyeupe za damu zinazopambana na vijidudu, zipo, tena kwa idadi ya kawaida, lakini haziwezi kutengeneza supaoksaidi, kemikali ya kuulia ukungu. Mara nyingi jeni yenye hitilafu ni CYBB, iliyo kwenye kromosomu ya X, ndiyo maana wengi wao ni wavulana.

Galaktomanani hutoka kwenye ukuta wa seli za Aspergillus, aina ya ukungu. Mgonjwa ambaye neutrofili zimekwisha kwa dawa za saratani, ukungu humpenya mpaka kwenye mishipa ya damu, na kipimo hukinasa kile unachomwaga humo. Kwa mtoto wa CGD, neutrofili hukimbilia pale pale, zikauzingira ukungu bila kuumaliza, na mishipa kwa kawaida husalimika. Damu inabaki hasi huku pafu linaliwa.

Basi sampuli itoke penye ugonjwa: maji ya kuoshea pafu, au bora zaidi kinyama kinachotolewa kwa sindano ikiongozwa na CT. Na tafadhali kigawanywe! Kipande kimoja kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi kinyama kwa ajili ya hadubini, kingine kwenye salini, yaani maji ya chumvi, kwa ajili ya kuotesha ukungu maabara. Nimeshapokea kinyama chote kikiwa ndani ya formalini, na hapo hakioti kitu. Inauma, maana mtoto amechomwa sindano na jina la ukungu hatulipati. Jina lina uzito: Aspergillus nidulans, ambayo kwa wagonjwa wengine ni nadra, kwa hawa hupita hadi kwenye mbavu na uti wa mgongo, na mara nyingi dawa ya fangasi amfoterisini B haiiwezi.

Huku kwetu granuloma, yaani vifundo vya chembe za kinga, zikionekana kwenye kinyama, TB huandikwa upesi. CGD nayo hutengeneza granuloma. Ombeni rangi ya fedha, inayoonyesha fangasi chini ya hadubini, pamoja na ile ya TB.

Mama naye aulizwe mtoto alikuwa anacheza wapi. Akivuta vumbi la mboji au majani yaliyooza, anaweza kubanwa kifua ndani ya siku chache, na huyo huhitaji dawa ya fangasi na steroidi kwa pamoja, bila kusubiri majibu.

Yule mtoto alichomwa sindano kesho yake. Chini ya hadubini zilionekana nyuzi nyeusi zenye matawi. Sahani za kuoteshea bado ziko maabara.