Adapta ya USB kwenda siriali si waya tu

Wengi wanaamini kwamba ukitaka kuunganisha mzani au printa ya zamani ya siriali na kompyuta ya leo, adapta yoyote ya USB itafaa, kwa kuwa kazi yake ni kubadilisha umbo la plagi. Sivyo.

Vifaa vingi vya aina hiyo hutumia RS-232, kanuni iliyotolewa mwaka 1960. Humo biti hupita moja moja, na volti ndiyo inayozitofautisha: kati ya +3 na +15 ni sifuri, kati ya -3 na -15 ni moja. USB ina utaratibu mwingine kabisa. Kompyuta huuliza, kifaa hujibu, na data husafiri kwa pakiti. Kwa hiyo ndani ya adapta mna chipu inayotafsiri pande zote mbili, nayo huhitaji draiva yake, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia.

Tena kuna adapta zinazotoa volti 3.3 au 5 tu. Hizo si za RS-232, na ukizichomeka huko zinaweza kuungua.

Inasikitisha kuona kifaa kizima kikitupwa kwa sababu ya mpangilio tu. Skrini ikijaa herufi zisizosomeka, aghalabu kasi hazilingani: kompyuta iko biti 115200 kwa sekunde, kifaa kiko 9600. Kukiwa kimya kabisa, angalia kwanza kama draiva imekubali, kisha pini ya 2 na ya 3 za plagi ya siriali, za kupokea na kutuma data. Pengine unahitaji kebo inayozipishanisha, ili upande mmoja ukituma, mwingine upokee.