Kihindi cha Yunikodi kurudishwa kwenye Kruti Dev: dhana potofu na ukweli wake

Sensa ya India ya mwaka 2011 iliandikisha watu milioni 528 wanaokitaja Kihindi kuwa lugha mama. Maandishi yao, Devanagari, yamo ndani ya Yunikodi, mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi msimbo wake, tangu toleo la kwanza la mwaka 1991, na simu yoyote ya leo huyaonyesha bila taabu. Hata hivyo bado wapo watu wengi wanaolazimika kuchukua maandishi hayo safi na kuyarudisha kwenye fonti za zamani kama Kruti Dev, DevLys au Chanakya, kwa sababu kiwanda cha uchapaji kimewataka wafanye hivyo, au kadi ya harusi inapangwa kwenye programu isiyoijua Yunikodi. Kazi hiyo imezungukwa na maelezo mengi yasiyo ya kweli, na madhara yake hutokea kwenye karatasi iliyokwisha kuchapwa: jina la bibi harusi limekatika, anwani haisomeki.

Sisi tunaoandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini hatukuonja shida hii, maana herufi zetu zote zilikuwemo kwenye kompyuta tangu mwanzo. Nadhani ndiyo sababu hata mafundi wetu wazuri, wakiletewa faili la Kihindi, huanza na kosa lifuatalo.

"Chagua maandishi yote, weka Kruti Dev, umemaliza"

Hujamaliza, hata hujaanza. Machoni pa kompyuta, Kruti Dev haina herufi hata moja ya Devanagari. Ina nafasi za herufi na alama za Kilatini, na juu ya kila nafasi mchoraji ameweka umbo la Kihindi. Ukibonyeza d unaona क. Ukibonyeza k unaona kile kijiti cha irabu ा. Kompyuta yenyewe inajua tu kwamba umeandika d na k. Neno हिन्दी likiandikwa kwa Kruti Dev, kilichohifadhiwa kwenye faili ni fgUnh.

Sasa chukua हिन्दी ya Yunikodi, uichague kwenye Word, uipe Kruti Dev. Word inaitafuta ह ndani ya fonti hiyo, inaikosa, na bila kukuambia lolote inaazima umbo kutoka fonti nyingine kama Mangal. Skrini inapendeza, na unalituma faili kwa moyo mweupe. Likifunguliwa kwenye PageMaker, programu ya zamani ya kupanga kurasa, kule kiwandani, yanatokea alama za kuuliza. Fonti huamua umbo tu, na hapa kinachotakiwa kubadilika ni msimbo ulio chini ya umbo hilo.

"Basi kigeuzi kinabadilisha herufi moja kwa nyingine"

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Yunikodi huhifadhi Kihindi kwa kufuata matamshi. Kruti Dev hukihifadhi kwa kufuata macho, kutoka kushoto kwenda kulia, kama mpiga chapa wa taipureta ya Remington alivyokuwa akigonga vipande kwenye karatasi. Mipangilio hiyo miwili hailingani.

Tazama neno आर्थिक, lenye maana ya "-a kiuchumi". Yunikodi inalihifadhi kwa misimbo sita: आ, र, alama ya halanti inayoinyang'anya र irabu yake, थ, ि, kisha क. Ndivyo linavyotamkwa. Lakini kwenye maandishi, irabu ि inachorwa kushoto kwa थ ingawa inatamkwa baada yake, nayo र isiyo na irabu inapanda juu ya थ kama ndoano. Kwa hiyo Kruti Dev inalihifadhi vkfFkZd: vk ni आ, f ni ि, Fk ni थ, Z ni ile ndoano, d ni क. Sauti mbili zimepishana ndani ya neno fupi, moja imerudi nyuma na nyingine imesogea mbele. Kigeuzi kinachobadilisha herufi kwa herufi bila kuzipanga upya kitatoa takataka.

Na kuzipanga upya si kurudisha irabu hatua moja tu. Katika स्थिति, yaani hali, ि ya kwanza lazima iruke konsonanti mbili zilizoungana, ndipo ipatikane fLFkfr. Kigeuzi dhaifu kitaipenyeza katikati ya स na थ. Upande wa ndoano nako kuna mtego: katika वर्षा, yaani mvua, ndoano haiandikwi mara tu baada ya ष, bali inasubiri irabu ndefu ipite kwanza, na neno linakuwa o"kkZ. Ukitaka kujua kama kigeuzi kina akili, kipe maneno haya matatu kabla ya kukikabidhi kitabu kizima.

Kuna pia suala la kipi kianze. क्ष kwenye Kruti Dev ina umbo lake, {k. Programu ikianza kubadilisha क na ष moja moja, itatoa D"k, yaani nusu ya क ikifuatiwa na ष, umbo ambalo msomaji wa Kihindi ataliona geni papo hapo. Miunganiko mirefu lazima ibadilishwe kwanza, herufi pweke baadaye.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini थ ichukue herufi mbili, F na k. Jibu liko kwenye ufinyu wa zama zile. Fonti ilikuwa na nafasi zisizozidi 256, na baadhi hazikutumika kwa maandishi kabisa, ilhali miunganiko ya konsonanti za Devanagari ni mamia. Wachoraji wakazikata herufi vipande. F ni nusu ya थ, k ni kijiti cha kuikamilisha, na kijiti hichohicho kinakamilisha भ, yaani Hk, na ख, yaani [k. Kijiti hichohicho tena ndicho irabu ा. Kwa sababu hiyo भारत inaandikwa Hkkjr: k ya kwanza ni sehemu ya herufi, ya pili ni irabu. Nawaheshimu sana waliobuni hivyo. Walikipa Kihindi nafasi kwenye kompyuta ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake.

Mtego wa mwisho katika sehemu hii hauonekani kwa macho. Herufi ड़ ya neno लड़का, mvulana, inaweza kuhifadhiwa kwenye Yunikodi kwa njia mbili: msimbo mmoja, au ड ikifuatiwa na nukta pekee. Zote mbili zinaonekana sawasawa. Ikiwa jedwali la kigeuzi linajua njia moja tu, maandishi yaliyokuja kwa njia nyingine yataacha mabaki yasiyogeuzwa, badala ya yM+dk kamili. Usanifishaji wa Yunikodi huivunja ड़ kuwa ड na nukta, hivyo njia salama ni kuyasanifisha maandishi yote kwanza, kisha kuyageuza.

"Fonti za zamani zote ni zilezile"

DevLys 010 inalingana sana na Kruti Dev 010, na huenda dhana hii ilizaliwa hapo. Chanakya ina jedwali lake. Shusha ilipangwa kwa kufuata sauti, ili anayejua herufi za Kilatini aweze kubahatisha. Hata jina Kruti Dev lina namba nyuma yake, 010, 016, 020 na nyinginezo, na namba hiyo si ya kupuuzwa. India ilikuwa na kiwango cha taifa cha misimbo ya herufi, ISCII, ambacho toleo lake la 1988 lilirekebishwa 1991, na Yunikodi ilijengea sehemu yake ya Devanagari juu ya kazi hiyo. Lakini watengenezaji wa fonti walishika njia yao, kila mmoja na jedwali lake. Kabla ya kugeuza chochote, mwombe mchapaji jina kamili la fonti pamoja na namba.

"Hakuna kinachopotea, nikitaka nitarudi"

Vinapotea vitu, na vya kwanza ni vile visivyo Kihindi. Maandishi ya kisasa huchanganya: jina la kampuni, barua pepe, neno PDF katikati ya sentensi. Ndani ya Kruti Dev, P ni nusu ya च, D ni nusu ya क, F ni nusu ya थ, na hivyo PDF inageuka mfululizo wa nusu herufi. Alama nazo zina makao tofauti: mkato unakaa kwenye ], mabano kwenye ¼ na ½, na kituo cha Kihindi, ।, kinakaa kwenye herufi A. Kigeuzi kizuri hubadilisha alama hizo, lakini ukiambatisha anwani ya barua pepe, nukta yake nayo itageuzwa kuwa kistari kwenye faili. Viondoe vipande vya Kilatini kabla ya kugeuza, na uvirudishe kwenye ukurasa kwa fonti ya Kilatini.

Tarakimu ziangalie pia. Ibara ya 343 ya katiba ya India inataka shughuli rasmi za serikali ya muungano zitumie tarakimu za kimataifa, 1, 2, 3, ilhali vitabu na kadi nyingi hutumia १, २, ३. Amua mapema unataka zipi.

Halafu kuna zile alama zisizoonekana ambazo Yunikodi hutumia kuamuru konsonanti ziungane au zisiungane. Kruti Dev haina nafasi yake. Zikishatoweka, ukigeuza maandishi kurudi Yunikodi hakuna wa kukuambia mwandishi alitaka nini. Kwa hiyo faili la Yunikodi ndilo asili. Masahihisho yote yafanyike humo, na ugeuzaji uwe hatua ya mwisho kabla ya kupanga kurasa. Ukianza kusahihisha upande wa Kruti Dev, baada ya wiki mbili utakuwa na matoleo mawili yasiyokubaliana.

"Mradi linaonekana sawa, liko sawa"

Kwa karatasi, ndiyo. Kwa kila kitu kingine, hapana, na hili linaniuma. Orodha ya majina iliyopangwa kwa Kruti Dev na kuwekwa kwenye intaneti haitafutiki: mtu aandike राम kwa simu yake, na faili linalo jke. Programu inayowasomea vipofu haitasema "Ram", itajaribu kutamka jke kana kwamba ni Kiingereza. Mpangilio wa alfabeti utafuata herufi za Kilatini ambazo hakuna aliyekusudia kuziandika. Mtu ana haki ya kulipata jina lake mwenyewe kwenye hati inayomhusu. Faili la Kruti Dev liende kwa mchapaji, na la Yunikodi ndilo liwekwe hadharani.

"Wanaong'ang'ania fonti hizi ni wavivu wa kujifunza"

Si kweli. PageMaker, ambayo toleo lake la mwisho, 7.0, lilitoka 2001, haikuwahi kuijua Yunikodi, na viwanda vidogo vilijenga maisha yao juu yake. Mitihani ya kuchapa Kihindi kwa ajili ya kazi za serikali imekuwa ikiwafundisha vijana Kruti Dev, hivyo vidole vyao vimezoea mpangilio wa Remington. Hata hivyo, mazoea hayo ya vidole hayamfungi mtu kwenye fonti ya zamani: zipo kibodi za Yunikodi zenye mpangilio wa Remington, na mchapaji hodari anaweza kuhamia bila kujifunza upya.

Kabla hujageuza, basi, uliza kiwanda kinatumia programu gani. InDesign tangu CS6 ya mwaka 2012 inapanga maandishi ya Kihindi ya Yunikodi vizuri, mradi aina ya mpangaji aya ichaguliwe ipasavyo kwenye mipangilio. Na ikiwa wao wanahitaji tu ukurasa uliokamilika, watumie PDF iliyotoka kwenye maandishi ya Yunikodi, fonti ikiwa imepachikwa ndani. Mashine itachapa maumbo yaleyale, na hutahitaji kugeuza neno hata moja.