Kikundi cha Kulinda Popo wa Pemba: Yanayotakiwa Kabla ya Kujitolea

Kila msimu wa embe ukikaribia, mambo mawili hutufikia kwa pamoja: malalamiko ya wenye mashamba kwamba popo wanawamalizia matunda, na maombi ya vijana wa shehia mbalimbali wanaotaka mafunzo ili waanzishe vikundi vya kuwalinda popo hao hao. Makala haya yanawahusu wote. Kikundi kisichoweza kukaa na mwenye shamba kikazungumza naye hakitalinda popo hata mmoja.

Popo tunayemzungumzia ni yule mkubwa wa rangi ya kahawia iliyoiva, ambaye mbawa zake zikitanda hufikia mita 1.6. Duniani kote anapatikana Pemba tu. Unguja hayupo, Bara hayupo. Ndugu yake wa karibu aliyepo Tanzania yuko kisiwani Mafia. Jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka, ndiyo maana bunduki chache na njaa ya kitoweo ziliweza kumfikisha pabaya. Mwaka 1995 walikadiriwa kuwa kati ya 4,600 na 5,500. Hesabu ya mwaka 2006 ilitoa kati ya 18,200 na 22,100. Ongezeko hilo limetokana kwa sehemu kubwa na wanavijiji waliokubali kuyalinda makao ya popo yaliyo karibu nao na kuwazuia wawindaji. Kidike, kaskazini ya Chake Chake, ni mfano unaojulikana zaidi: wenyeji wanalinda miti na wageni wanalipa kiingilio kuja kuwaona.

Tuseme wazi jambo linalorudiwa kila tunapofanya mkutano. Popo huyu hana uhusiano wowote na Popobawa, shetani wa masimulizi aliyetia watu hofu mwaka 1995. Anakula matunda, maua na majani. Hanyonyi damu wala si kipofu. Hutafuta chakula kwa macho na pua. Anatafuna nyama ya tunda, anameza maji yake na kutema makapi, na mbegu anazozibeba au kuzipitisha tumboni huota mbali na mti mama. Anayejitolea lazima aweze kuyaeleza haya kwa upole, hata akiulizwa mara ya ishirini.

Kuna na wale wanaosema popo ni maradhi, basi wauawe. Wilayani Ibanda, Uganda, ugonjwa wa Marburg, unaofanana na Ebola, uliwapata wachimbaji wa mgodi wa Kitaka mwaka 2007, kisha popo wa mgodini humo wakaangamizwa. Popo wengine walihamia pale palipobaki patupu. Walipopimwa mwaka 2012, waliokutwa na virusi walikuwa asilimia 13.3, ilhali kabla ya maangamizi walikuwa kama asilimia 5, na mwaka huo huo ugonjwa ukazuka tena kusini-magharibi mwa nchi hiyo. Hao ni popo wa mapangoni, aina nyingine kabisa na wa kwetu, lakini funzo linatuhusu: kuua popo hakuondoi maradhi.

Hata hivyo, hatari ndogo ipo na hatuifichi. Shimoni, pwani ya Kenya, mwaka 2009 popo wa pangoni alikutwa na virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mafunzo ni kwamba hakuna anayemshika popo kwa mkono mtupu, awe mzima, mgonjwa au maiti. Aliyeumwa au kuparuliwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo na aseme ni popo, ili apewe chanjo. Asisubiri jeraha livimbe. Tunda lililoumwa na popo lisiliwe, na matunda mengine yaoshwe.

Mafunzo yenyewe tunapendekeza yachukue siku mbili na jioni mbili, kwa watu wasiozidi 20. Wachaguliwe wanaoishi karibu na makao, wakiwemo wanawake wanaookota kuni humo na angalau mwindaji mmoja wa zamani akikubali, kwa kuwa anaijua miti na njia za popo kuliko sisi. Vifaa ni vichache: darubini za mkono za 8x42, vihesabio vya kubofya, saa, daftari na penseli. Kalamu ya wino haifai, mvua ikidondoka maandishi yote hupotea. Tochi ifungwe karatasi nyekundu ya nailoni.

Jioni ya kwanza hakuna kuhesabu. Washiriki wakae umbali wa mita 50 hivi kutoka kwenye miti na watazame popo wanatokea upande gani. Kwa kawaida kundi halitawanyiki ovyo. Hufuata njia moja au mbili kuu. Huko ndiko vituo vya kuhesabia vitakapowekwa, mahali ambapo popo wataonekana dhidi ya anga lenye mwanga, si dhidi ya kilima au majani. Jioni ya pili kila kituo kinakuwa na watu wawili: mmoja anatazama na kubofya bila kugeuza macho, mwengine anashika saa na kuandika jumla kila baada ya dakika 5. Wawe wamekaa nusu saa kabla popo wa kwanza hajaondoka. Mpaka kati ya kituo na kituo uwekwe kwa alama isiyohama, kama vile mnazi fulani, la sivyo popo wale wale watahesabiwa na vituo viwili. Anayerudi mtini aandikwe pembeni ili atolewe kwenye jumla. Wakitoka wengi kwa mkupuo, wahesabiwe kumi-kumi, lakini baada ya mazoezi ya kulitambua kundi la kumi kwa jicho. Anayeanza karibu kila mara huhesabu pungufu. Giza likiingia kabla popo hawajaisha, iandikwe hivyo. Msibuni waliobaki.

Makosa mawili huharibu takwimu za vikundi vipya. La kwanza ni kuhesabu makao jirani siku tofauti. Popo huhama kufuata matunda, kwa hiyo wa Jumatatu hapa anaweza kuwa wa Alhamisi kule. Makao yote ya jirani yahesabiwe jioni moja. La pili ni kutoleta fomu kwa kuwa "popo hawakuwepo". Makao matupu yanaandikwa sifuri, na kwetu sifuri hiyo ina thamani sawa na elfu moja.

Kamwe msipige makofi, ngoma wala kurusha mawe ili mgeni awaone popo wakiruka. Mama anayekurupushwa mchana huweza kumwangusha mtoto, na mtoto aliyeanguka kwa kawaida haokoki.

Kwa mwenye shamba, kikundi kipeleke msaada, si hotuba. Embe na shelisheli zilizokomaa zichumwe mapema ziivie nyumbani. Anayetaka kufunika mti atumie wavu wa matundu madogo ambao kidole cha mtoto hakipiti, uvutwe ukaze. Nyavu kuukuu za uvuvi zilizoning'inizwa ovyo ndizo zinazowanasa popo na kuwakata mbawa. Akinaswa, afunikwe kwa kitambaa kizito na aitwe afisa wa misitu.

Sasa taratibu, ambazo wengi huziruka. Anzeni kwa sheha: mpelekeeni barua yenye jina la kikundi, orodha ya wanachama na saini zao, na jina la makao mnayotaka kuyalinda. Ikiwa makao yamo katika shamba la mtu, ridhaa yake iandikwe. Ikiwa ni makaburini, wazee wa eneo waulizwe kwanza. Barua ya sheha ndiyo inayoambatanishwa na katiba na muhtasari wa mkutano wa kwanza mnapokwenda wilayani kuandikisha kikundi. Panapokuwa na makubaliano ya usimamizi wa misitu ya jamii, yaani COFMA, kikundi hufanya kazi chini ya kamati ya uhifadhi ya shehia, si sambamba nayo.

Hapa tunasisitiza. Kadi ya kikundi haimpi mtu mamlaka ya kukamata, kupekua wala kutoza faini. Uwindaji wa popo bila kibali ni suala la Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Rasilimali za Misitu Na. 10 ya 1996, na wanaoisimamia ni maafisa wa misitu na polisi. Faini za COFMA hutozwa na kamati, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye makubaliano, na kwa risiti. Mwanakikundi anayepokea fedha mkononi kwa mwindaji ametenda kosa lake mwenyewe, na kesi ya mwindaji huharibika. Mkisikia bunduki au kuwaona watu na popo waliouawa, andikeni saa, mahali, idadi ya watu na ya popo, na namba ya chombo cha usafiri kama kipo, kisha mpigieni sheha na afisa wa misitu. Msiwafukuze usiku.

Fomu za hesabu ziwe nakala mbili, moja ibaki kwa katibu. Zisainiwe na wote wawili waliokuwa kituoni, na ziletwe hata kama tarakimu za mbofyaji na jumla iliyoandikwa zinatofautiana. Tofauti ikizidi moja ya tano, rudieni jioni inayofuata isiyo na mvua na mlete fomu za jioni zote mbili.