Mahindi yameruhusiwa Namanga, ya kwako nani kayapima?

Maswali haya ya sumukuvu kwenye mahindi nayasikia zahanati kila baada ya mavuno hapa Arusha. Mengi huanza na "dokta, nimesoma gazetini".

Sumukuvu ni nini?
Ni sumu ya kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Inashambulia ini. Punje inaweza kuonekana safi na bado ikawa nayo.

Si ile habari ya Kenya? Mbona iliisha?
Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hii. Magazeti yakajaa malori yaliyokwama Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, na hasara za wafanyabiashara. Siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti, mojawapo cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Wasomaji wakaelewa "yameruhusiwa" kuwa "yamepona". Cheti ni cha shehena inayovuka mpaka. Gunia lililo jikoni kwako halijavuka mpaka wowote.

Nikipika vizuri, si moto unaua?
Hapana. Moto unaua kuvu, sumu inabaki. Ugali ulioiva vizuri, inabaki. Makande yaliyochemka tangu asubuhi, inabaki. Nimeshachoka kulijibu hili, lakini nitalijibu tena kesho: inabaki.

Basi niwape ng'ombe?
Itakurudia kwenye maziwa.

Mtu akianza kuwa na macho ya njano, tusubiri siku ngapi?
Msisubiri. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 wakafa. Kabla ya vipimo kutoka, habari zilisema "ugonjwa usiojulikana", na kwetu ugonjwa usiojulikana unapelekwa kwa mganga. Mpaka leo naletewa mgonjwa aliyetapika wiki nzima, tumbo limejaa maji, na ameshanyweshwa mizizi ambayo huenda nayo imelitesa ini. Macho yakiwa ya njano, njoo siku hiyo hiyo. Si baada ya gulio. Siku hiyo hiyo, na ubebe kopo la mahindi mnayokula.

Niliyonayo nifanyeje?
Anika kwenye turubai, si kwenye udongo, mpaka punje ikatike kwa mlio ukiing'ata. Chambua zilizovunjika na zilizobadilika rangi. Hifadhi kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa. Gunia lililoota ukungu kila upande lifukie, usimuuzie mama wa pombe. Bei ya gunia naijua, nami nanunua soko la Kilombero hapa Arusha. Lifukie.