Baridi ya Julai Nairobi haitokani na umbali wa Jua

Kila kipupwe kinapoingia Nairobi, makundi ya wazazi na wanafunzi hupokea ujumbe uleule: kwamba Dunia inaingia katika "afelio", itakuwa kilomita milioni 152 kutoka kwa Jua badala ya milioni 90 za kawaida, na kwamba baridi na mafua vitatuandama hadi Agosti.

Afelio ipo kweli. Mzingo wa Dunia ni duaradufu, si duara kamili, hivyo mapema Julai tunakuwa mahali pa mbali zaidi, takriban kilomita milioni 152, na mapema Januari mahali pa karibu zaidi, paitwapo perihelio, takriban milioni 147. Wastani ni karibu milioni 150, kwa hiyo ongezeko la Julai halifiki hata asilimia 2. Ile 90 huenda ilitokana na kuchanganya vipimo, kwa kuwa wastani huo ni maili milioni 93.

Mwenye ndugu Uingereza na amuulize hali ya hewa ya Julai: huko ni kiangazi, ingawa Dunia ni hiyohiyo. Majira hutokana na mwinamo wa mhimili wake, wa digrii 23.5 hivi. Nairobi, iliyo kusini kidogo mwa ikweta na juu sana kutoka usawa wa bahari, hupoa zaidi miezi hiyo kwa sababu mawingu mazito hulifunika jua. Mafua nayo husababishwa na virusi.

Wengi huamini kwa kuwa baridi wanaihisi na tarehe zinaafikiana. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mwonyeshe mtoto hesabu hii.