Malalamiko ya ubaguzi kazini: anza na tarehe, matusi baadaye

Wengi wanaokuja ofisini kwangu kulalamikia ubaguzi kazini huanza na maneno waliyotukanwa. Nami huwauliza: mwenzako mwenye kazi kama yako alitendewaje?

Hapo ndipo kilipo kiini cha kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004. Kinamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa kabila, dini, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu, VVU, umri na misingi mingine kadhaa, na kinamlinda hata anayeomba kazi. Uzuri wake ni kwamba ukishaonyesha dalili za awali, mzigo unamhamia mwajiri: yeye ndiye athibitishe kwamba hakubagua, au kwamba kazi yenyewe kwa asili yake ilidai tofauti ile.

Kuna dada mmoja, mhudumu wa duka, aliyevuliwa usimamizi wa zamu wiki mbili baada ya kutoa taarifa ya mimba. Alikuja na kurasa nne za maudhi ya meneja. Tukabakiza mambo matatu: tarehe ya taarifa, tarehe ya barua ya kumvua cheo, na nani aliyepewa nafasi ile akiwa na uzoefu gani. Maudhi tukayahifadhi kwa siku ya ushahidi.

Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tuliyozoea kuiita CMA, kwa Fomu Namba 1. Una siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Kama umeachishwa kazi na unapinga uhalali wake, ni siku 30 tu. Siku hizi ndizo zinazoua mashauri mengi. Mtu anaambiwa na HR, yaani idara ya watumishi, “tunalifanyia kazi”, anasubiri kwa adabu, miezi mitatu inapita. Kuna maombi ya kuongezewa muda, ila utatakiwa ueleze sababu za kuchelewa kwako, na adabu si sababu.

Kwenye fomu, weka alama penye ubaguzi. Sehemu B ni ya walioachishwa kazi peke yao, na usichokiandika kwenye fomu utapata tabu kukidai baadaye. Nakala mpelekee mwajiri kwanza, asaini kupokea, ndipo upeleke Tume na uthibitisho huo. Akigoma kusaini, tuma kwa rejesta ya posta, utunze risiti.

Kinachofuata ni usuluhishi, siku 30. Ongea kwa uhuru, maana yanayosemwa humo hayatumiki kama ushahidi mbele. Mkishindwana, shauri linakwenda kwenye uamuzi, mbele ya mwamuzi wa Tume, au Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

La yule dada lilifika kwenye uamuzi. Mwajiri alileta tathmini iliyosema utendaji wake ulikuwa dhaifu. Mwamuzi akaomba aione tarehe: iliandikwa siku nne baada ya taarifa ya mimba.