"Uzito wa maji" ni kitu gani, na kwa nini unakupata ukianza vidonge vya majira kwa sababu ya PCOS (tatizo la homoni linalovuruga ovari, yaani sehemu zinazotengeneza mayai ya mwanamke)

Umeanza vidonge, wiki ya tatu hiyo, pete haitoki kidoleni, sidiria inabana, soksi zinaacha mchoro mguuni, unapanda mizani pale duka la dawa unakuta kilo mbili zimeongezeka na wala hujala cha ajabu. Hapo ndo wengi wanatupa pakiti. Hata mi nilitaka kutupa, nikamlalamikia mama mkubwa, akaniuliza "umenenepa au umevimba?" nikajua ananitania tu, kumbe ndo swali lenyewe.

Uzito wa maji ni uzito unaotokana na maji ambayo mwili umeyashikilia badala ya kuyakojoa. Lita moja ya maji ni kilo moja, na mizani haijui kama ulichobeba ni maji, mafuta au ugali wa jana usiku, yenyewe inasoma tu. Mafuta hayaji ghafla hivyo, kilo moja ya mafuta ni kama kalori 7,700 za ziada juu ya zile mwili unazotumia, sasa kilo mbili ndani ya siku chache ungekuwa umekula sinia zima la pilau kila siku na ungejua mwenyewe. Maji yanaweza kuja kwa siku mbili na kuondoka kwa siku mbili.

Yanatoka wapi? Vidonge vingi vya majira vina homoni mbili, estrojeni na projestini. Estrojeni inalisukuma ini litengeneze kwa wingi protini fulani inayoanzisha mnyororo wa ishara, na mwisho wa ule mnyororo figo zinaambiwa shikilieni chumvi, na chumvi ikibaki maji nayo yanabaki, hayaachani hayo. Ndo maana ukichanganya mwezi wa kwanza wa vidonge na chipsi na achari kila jioni unaamka uso umejaa kama umelia usiku kucha. Kuna vidonge ambavyo projestini yake inaitwa drospirenoni, hii imetokana na dawa ya kukojoza maji, kwa hiyo inapingana kidogo na hiyo tabia ya kushika chumvi, ila inaweza kupandisha potasiamu mwilini kwa hiyo mwenye shida ya figo si ya kujinunulia. Kwa wengi miezi miwili mitatu mwili unazoea na kuvimba kunapungua.

Sasa PCOS yenyewe. Watu wanasema "vifuko kwenye mayai" wanadhani ni uvimbe wa kupasuliwa, lakini vile vinavyoonekana kwenye utrasaundi ni vijifuko vya mayai vilivyoanza kukua vikakwama njiani havikukomaa. Inakadiriwa kama mwanamke mmoja kati ya kila kumi walio kwenye umri wa kuzaa anayo, na wengi hawajui. Na hapa ndo mambo yanapochanganyika, kwa sababu wengi wenye PCOS miili yao haiisikii vizuri insulini, ile homoni ya kushusha sukari kwenye damu, kongosho linaongeza insulini, insulini ikizidi inaziambia ovari zitengeneze homoni za kiume zaidi, ndo zinakuja ndevu kidevuni, chunusi, hedhi inapotea miezi minne, na mafuta yanakaa tumboni. Yaani uzito ulikuwa unapanda hata kabla ya kidonge. Ukianza kidonge mwezi wa saba na ulikuwa unaongezeka nusu kilo kila mwezi tangu mwaka jana, mwezi wa kumi utasema kidonge kimekunenepesha, na kwa kukutazama tu hakuna atakayekubishia.

Watafiti wamejaribu kutenganisha hivi vitu. Uchambuzi wa 2014 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba, ulikusanya majaribio 49 ya njia za uzazi wa mpango zenye homoni mbili na haukukuta ushahidi kwamba zinaleta mabadiliko makubwa ya uzito, ingawa majaribio manne tu ndo yalikuwa na kundi la kulinganisha ambalo halikutumia homoni yoyote. Hiyo haimaanishi wewe unadanganya. Wapo ambao njaa inaongezeka kweli, na mtu akila zaidi ananenepa, hilo ni mafuta sio maji na halitaondoka lenyewe mwezi wa tatu.

Kitu kingine ambacho mi nadhani kinawaumiza watu kuliko hata kuvimba, ni kwamba wanategemea kidonge kiwapunguze. Hakijatengenezwa kwa hilo! Kazi yake kwenye PCOS ni kuzituliza ovari, kuongeza protini nyingine ya kwenye damu inayoikamata testosteroni, homoni ya kiume, isizurure, na kulinda ukuta wa kizazi, maana ukikaa miezi bila hedhi ukuta unajazana. Chunusi zinaanza kutulia kama mwezi wa tatu hivi, nywele za kidevuni ni miezi sita au zaidi. Shida ya insulini hakiirekebishi, ya insulini ni chakula, mazoezi na kwa wengine metfomini anayoandika daktari.

Usichanganye na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Hiyo haina estrojeni na kwa baadhi ya watu inanenepesha kweli, hasa mabinti wadogo ambao tayari wana uzito mkubwa, na imeonekana kwamba anayeongezeka zaidi ya asilimia 5 kwenye miezi sita ya mwanzo (ulianza na kilo 70, umeongeza zaidi ya tatu na nusu) mara nyingi ataendelea kuongezeka, kwa hiyo huyo asisubiri. Na sindano ikishachomwa haitolewi.

Ah, na kuvimba kuna kuvimba. Miguu yote miwili kujaa kidogo jioni ni jambo moja, mguu mmoja tu kuvimba na kuuma, au kifua kubana, pumzi kukata, kichwa kuuma vibaya ghafla, hiyo inaweza kuwa damu imeganda, unaenda hospitali siku hiyohiyo. Ndo maana kabla ya kupewa unapimwa presha na kuulizwa kama unavuta sigara au una kipandauso, usijibu haraka haraka ili uondoke.

Mi nilianza kujipima asubuhi ya jumamosi tu, baada ya kukojoa kabla ya chai, nikawa naandika na siku ya pakiti niliyopo. Wiki ya vile vidonge vya kahawia vya mwisho wa pakiti, visivyo na homoni, namba inashuka kidogo, pakiti mpya inapanda tena. Pete ilitoka mwezi wa tatu. Kilo mbili hazikuondoka zote, kama nusu hivi ilibaki, na hiyo namjua aliyeileta, ni chapati za saa nne pale ofisini.